Kidole cha Mwenye Gari

Tangu nitundike pistole yangu ya kupulizia rangi ukutani, swali moja mnanifuata nalo mpaka nyumbani, hata mkono wangu ukiwa ndani ya sahani: "Papa Etiene, gari la zamani tulimalizie na rangi gani? Selulozi, sintetiki, ao hizi za kuchanganya na dawa yake kisha verni ya kung'aa juu?" Nikijibu, mnasema nimejibu kizee. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haikatizwi maneno. Someni mpaka mwisho. Anayetaka jibu la haraka akamuulize muuza makopo sokoni. Huyo hajawahi kukosa jibu.

Nilianza kazi miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mji wetu ukiwa bado na jina lao. Garaji ilikuwa Makiso, karibu na mto, na mwenyewe alikuwa mzungu aliyependa injini kuliko watu. Upande wa rangi hakuujali, aliuacha wote mikononi mwa Tonton Zefirini. Huyu alikuwa mtoto wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, mfupi, mabega mapana, na alikuwa amepaka mashua na meli za mto miaka mingi kabla ya kugusa gari. Siku yangu ya kwanza nilikuja nimevaa shati safi, nikijua nitapewa pistole. Nilipewa kisahani cha chumvi.

"Weka kwa dirisha," aliniambia. "Asubuhi ukikuta chumvi inajishika-shika, leo hatupulize. Ukikuta iko kavu, tunapuliza."

"Na kama iko katikati?"

"Unaniita. Usianze kufikiri peke yako, iko mapema."

Nilidhani ananifanyia mchezo wa wageni. Haukuwa mchezo. Siku zile rangi nzuri ya gari ilikuwa selulozi, na selulozi hukauka haraka mno. Ikikauka katika hewa yenye maji huvuta ule unyevu na kupauka, nyeusi inageuka kama chai iliyomwagiwa maziwa. Na hewa ya Kisangani mnaijua, shati linaanikwa Jumatatu linavaliwa Jumatano likiwa bado baridi mgongoni. Niliwahi kumwona fundi mgeni akicheka kisahani chetu, akapuliza asubuhi ya ukungu, na saa sita alikuwa anakwangua gari zima huku hacheki tena. Chumvi haijanidanganya hata leo. Redio imenidanganya mara nyingi.

Mengine niliyojifunza kwa Tonton ni haya. Selulozi hupakwa nyembamba, mara nyingi, na kila tabaka husuguliwa kwa msasa wa maji mpaka kiganja kiteleze. Mng'ao hautoki kwenye pistole, unatoka kwenye bega. Mnasugua kwa pamba na dawa ya kung'arishia, mnasugua tena, halafu mwishoni kabisa mnapitisha unga wa muhogo ulio laini sana, ili unyonye mafuta ya ile dawa. Tonton aliupepeta unga huo kwa kitambaa cha kichwa cha mke wake. Wauza unga walimjua kama mwanamume anayechagua kuliko mama yeyote na ambaye hapiki ugali wa fufu hata siku moja.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mwenye gari haingii karakana mpaka kazi iishe. "Kidole ya mwenye gari njo adui ya fundi," alikuwa akisema. Mtu akiliona gari lake jipya hawezi kujizuia. Lazima aguse kidogo tu, aone kama limekauka, na halijakauka.

Uhuru ulipofika wazungu wengi walianza kufunga masanduku, na magari yao yakabaki mjini kama mbwa walioachwa, yakisubiri mtu wa kuyaita. Kijana mmoja wa mtaa wa Kabondo, Salumu, akalipata moja. Alitoka katika zile familia za Kiislamu zilizokaa hapa tangu zama za misafara ya pembe. Aliuza mchele na vitambaa, alivaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi, na alikuwa na haraka ya maisha. Gari lilikuwa la Kifaransa, la milango minne, jeupe lililochoka. Alitaka liwe jeusi, maana mwezi uleule wa uhuru alikuwa anaoa.

"Nyeusi namna gani?" Tonton alimuuliza. Swali hili liwekeni akilini.

"Nyeusi ya mimi kuona kofia yangu ndani."

Tulilifanya. Nilisugua mpaka usiku nikiota ninasugua. Tulipofika tabaka la mwisho umeme wa Tshopo ulikatika, kompresa ikazima, tukasubiri mchana mzima tukiimba nyimbo za uhuru na wapita njia. Umeme uliporudi Tonton alipuliza bila kuvuta pumzi, akaweka pistole chini, akatoka kunawa. Hapo ndipo Salumu alipopita mlango wa nyuma. Nilimwona tayari ameinama kwenye nguzo ya mlango wa abiria, kidole gumba kimekwisha fanya kazi yake. Kimeingia kwenye rangi laini kama muhuri, mistari yote inaonekana.

Tonton alirudi. Jinsi alivyopiga kelele, nadhani walimsikia ng'ambo ya mto, kule Lubunga. Alimwita Salumu mtoto, akamwita nzi, akamwita jina moja la Kigenia ambalo sitaliandika. Alitaka kusugua nguzo yote na kupuliza upya, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Tonton, acha," Salumu alisema, amejaa aibu na kicheko kwa pamoja. "Iko ndani, hakuna mutu ataiona."

"Mimi nitaiona!"

"Alors itakuwa signature, saini yangu."

Kesho yake bibi harusi, Zaina, alipotaka kuingia garini alishika nguzo ile ile, na kidole chake kikatua palepale. Akachungulia, akauliza, akaambiwa. Akacheka mbele ya mashangazi wote, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Tangu siku hiyo hakuingia katika gari lile bila kuweka kidole chake ndani ya kile cha mume wake. Nililiona mwenyewe mara nyingi, kwa sababu lile gari lilibeba maharusi wa nusu ya Kabondo, na kila baada ya mvua Salumu alilileta tulipitishie unga.

Tonton alipoliona hilo alikuwa akigeuza uso. Hakuwahi kusamehe kidole.

Kisha ukaja uasi. Wakubwa wenu wamewasimulia, sina haja ya kurudia ya damu. Nitasema ya rangi tu. Vijana wenye bunduki walipenda vinavyong'aa. Gari linalong'aa lilichukuliwa mchana kweupe, na siku hiyohiyo lilikuwa mtaroni limekunja pua. Salumu akaja kwetu uso umemkauka. Zaina alikuwa na mtoto mgongoni. Mzungu wa garaji alikuwa ameshaondoka, funguo zilibaki kwa Tonton.

"Lifiche," Salumu alisema.

"Gari haifichwi. Inachafuliwa," Tonton alijibu, akaenda kuketi juu ya kopo, akafikiri.

Hapa sikilizeni, maana hii haimo katika kitabu chochote cha viwanda. Kopo tulilokuwa nalo lilikuwa rangi ya mashua, ya kijivu, ya mafuta, isiyong'aa hata ukiibembeleza. Ukiipaka moja kwa moja juu ya selulozi itashika, na siku ya kuitoa utatoa zote mbili. Tonton akasema tupike wanga wa muhogo, mwembamba kama uji wa mgonjwa. Tulipake gari zima huo uji, ukauke, kisha juu ya uji ndipo ije rangi ya mashua. Siku amani ikirudi, magunia ya maji moto yatalowesha wanga, na ile ya juu itabanduka yenyewe.

Salumu alisimama akitazama sufuria ikichemka. "Sasa munapikia gari fufu?"

"Na wewe njo pondu, mboga yake, ukiendelea kusema," Tonton alimjibu. Tulicheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka tulicheka watatu.

Kuharibu vizuri ni kazi ngumu. Tulitumia brashi iliyokufa, tukaacha nywele zake ndani ya rangi, tukaacha michirizi. Mkono wangu ulikataa, kila mara ulitaka kulainisha. Sehemu ya milango Tonton alinifukuza, akaifanya peke yake amenipa mgongo. Nilidhani analia na hataki nione, nikaenda kuchota maji. Jioni gari lilikuwa kitu cha kusikitisha, kijivu, tairi tumezitoa pumzi. Tulilisukuma mpaka kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Salumu.

Vijana wa bunduki walifika, Zaina akanisimulia baadaye. Mmoja alichungulia, akapiga tairi teke, akasema mwenye gari hili ni maskini kuliko sisi. Wakaondoka. Hila yetu ilifanikiwa.

Majuma machache baadaye Salumu alitoka asubuhi kwa baiskeli kwenda kivukoni, avuke mto mpaka Lubunga akapokee mchele uliokuja na treni ya Ubundu. Kivukoni walimchukua, yeye na wanaume wengine. Hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyejua wapi. Tulikuwa tumeficha gari, kumbe wa kufichwa alikuwa mwenyewe. Neno hilo linaniuma mpaka leo, na sina rangi ya kulifunika.

Amani ilirudi namna inavyorudi kwetu, nusu nusu. Tonton alikwenda na magunia yake kulifungua gari, nami nikabeba sufuria. Zaina alitusimamisha mlangoni.

"Hapana, Tonton. Atalifungua yeye mwenyewe akirudi."

Hakukaa eda. Wazee wa msikiti walikuja kuzungumza habari ya kumsomea hitima, akawapa chai, akawaambia, "Mutu hasomewi kama iko njiani." Wakanywa chai, wakaenda. Gari likabaki kibandani na uji wake.

Miaka ikapita, na humo ndimo yaliyomo mengi mnayoyataka. Ilikuja sintetiki. Ni nzito, rahisi, inang'aa bila bega, nzuri kwa lori na basi la shule. Ila hukauka polepole, na katika mji wenye wadudu kama wetu utapata gari lenye kumbikumbi ndani ya rangi. Tena ole wako umwage selulozi juu ya sintetiki, itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Zikaja hizi za kuchanganya, ngumu kama sahani ya kaure, na verni yake juu. Ni nzuri, sibishi. Petroli haiziumizi, mvua haiziumizi. Zinaumiza kifua tu, kwa hiyo vaeni barakoa, msinichekee. Tonton hakuvaa hata kitambaa maisha yake yote, na kifua ndicho kilichomwondoa. Alikufa akiniuliza kama chumvi iko kavu.

Nikawa mimi wa kupigia wengine kelele. Vita vingine vilikuja, vikaondoka, mnavijua, wengine mlizaliwa ndani yake. Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja kijana, Bilali, na makopo mawili mapya: rangi nyeusi yenye chembe za kumetameta, na verni. Dada yake anaolewa, bibi yao amekubali gari la babu litoke kibandani.

"Tunakwangua mpaka chuma, Papa Etiene. Tunaweka métallisé, verni juu. Itakuwa mpya kabisa."

Nilimuuliza bibi yake ni nani, ingawa nilishajua. Alikuwa ameketi nje juu ya benchi, mtandio mweupe, fimbo mkononi. Mama Zaina. Tulisalimiana kwa muda mrefu, tukatajiana wafu wetu.

"Etiene," akasema, "picha zake ziliungua na duka. Kaburi haiko. Mi nazeeka, na siku hizi usiku mi najiuliza kama nilimuota tu. Nitafutie ile kidole. Kama iko, nitajua alikuwako, nitamusomesha hitima, mutoto aolewe na moyo yangu ikae. Kama haiko, basi, mukwangue."

Sikuwa nimeogopa kazi tangu ujana. Siku ile niliogopa.

Nilianza na boneti, kwa woga, kama mtu anayeanza kula pembeni mwa sahani. Magunia, maji moto, subira. Rangi ya mashua ililegea, nikavuta, na selulozi ikaja nayo, vipande kwa vipande, mpaka chuma. Boneti ilikuwa upande wa kibanda unaopigwa na jua la alasiri. Joto la miaka yote ile lilikuwa limeoka uji na rangi vikawa mkate mmoja. Paa nalo lilikuwa hivyohivyo. Bilali alinitazama, mimi nikatazama magunia.

"Tuende kwa mulango tu," alisema polepole. Hakuwa kijana mbaya.

Nguzo ya mlango nilikaa nayo asubuhi nzima. Niliweka gunia, nikaondoa, nikaweka jingine. Mama Zaina alikuwa amesogeza benchi lake karibu, tasbihi inapita vidoleni. Hatimaye ukingo mmoja uliinuka, nikauvuta kwa ukucha, ukaja wote, laini, kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini palikuwa peusi, pamefifia, pazima. Lakini kidole hakikuwepo. Palikuwa na kidoa cha manjano, kikubwa kama kifungo cha koti.

Nilidhani ni kutu. Nikakigusa na gunia moto, kikalainika. Nikanusa. Ilikuwa nta ya mshumaa.

Hapo nikaelewa kwa nini Tonton Zefirini alinipa mgongo siku ile. Mtu aliyemwita Salumu nzi kwa ajili ya kidole kile alikuwa amewasha mshumaa, akakidondoshea nta tone kwa tone, kisha akapaka uji juu, rangi juu ya uji, na hakumwambia mtu, hata mimi, hata akifa. Nililia mbele ya vijana wangu wa kazi. Walioniona wameshawasimulia, na wameongeza chumvi, lakini ni kweli.

Niliifuta nta kwa pamba na maji moto. Kidole gumba kilikuwemo, mistari yote, na kikovu kidogo cha kisu cha kukatia magunia ya mchele. Nikamwita Mama Zaina. Aliweka kidole chake ndani, akakiacha humo.

Bilali alikuwa wa kwanza kuongea. "Papa Etiene, sasa tuweke verni juu yake. Itaikinga, haitaisha hata miaka mia."

Kwa fundi, alikuwa amesema kweli. Verni ingekilinda kuliko kitu chochote. Nikaanza kueleza jinsi ya kuipuliza pale bila kuziba mistari. Mama Zaina aligeuka.

"Kisha nikigusa, nitagusa yeye ao nitagusa verni?"

Nikaweka pamba chini. "Utagusa verni, Mama."

"Basi hapana."

"Lakini Mama, selulozi ni laini. Ukiigusa kila siku itaisha."

"Na mi pia niko naisha, Etiene. Tutaisha pamoja."

Jibu lenu ni hilo, wadogo zangu. Niliwaambia liwekeni akilini swali la Tonton, nyeusi namna gani. Kabla ya kuuliza gari ni la mwaka gani na chuma chake kikoje, ulizeni watu watalifanya nini. Litafanya kazi mvuani? Pakeni hizo za kuchanganya, mlale salama. Litabeba mawe? Sintetiki, na kumbikumbi wake. Lakini gari la kuguswa na mikono inayolijua, lipeni selulozi na bega lenu. Tena ina jambo moja ambalo nyingine hazina: ukiipuliza selulozi mpya juu ya ile ya zamani, mpya inaiyeyusha kidogo ya chini, zinashikana, huoni tena pa kutenganisha. Ya gari la Salumu tuliipata kwa maseremala wanaopaka makabati, kopo kwa kopo. Boneti na paa tulivijenga upya, kwenye milango tuliamsha rangi ile ile ya Tonton. Kwenye nguzo sikupuliza kitu. Bilali mwenyewe ndiye aliyepepeta unga, kwa mtandio wa bibi yake.

Asubuhi ya harusi chumvi ilikuwa kavu. Bibi harusi aliingia, mashangazi wakaingia, Bilali akashika usukani. Mama Zaina alikuwa wa mwisho. Aliinama kuingia, kidole chake kikaenda mahali pake bila kutafuta, akakiweka hapo kama siku ile nyingine, mbele ya watu wote.

"Bon, Salumu," alisema. "Twende."

Ijumaa iliyofuata alimsomesha hitima. Niliketi nyuma na wageni wa Kigenia, watu wa Tonton, nikala pilau, na kwa mara ya kwanza tangu uasi nilisikia watu wakimwita Salumu marehemu.